Baada ya Leza ya Retina: Kubaki Unguja au Kurejea Pemba

Mgonjwa wa Pemba aliyetibiwa mchaniko wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kwa leza mjini Unguja huwa na njia mbili: kukaa kwa jamaa zake mjini hadi achunguzwe tena, ama kupanda boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, baada ya siku moja au mbili.

Leza yenyewe kwa kawaida haimlazi mtu hospitali. Dawa inayotanua mboni humfanya aone ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku ile asiendeshe chombo, wala asishuke ngazi za gati bila ya kushikwa mkono. Lakini kovu linaloishikiza retina huchukua kiasi cha siku 10 hadi 14 kukomaa, na hapo ndipo ninapoegemea upande wa kubaki: akiona vimulimuli vipya, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli mfano wa pazia, atafika kwa daktari kwa daladala siku ileile, ilhali aliye Pemba huenda akalazimika kusubiri boti ya kesho.

Kurejea nako kuna utulivu wake, nao si wa kubezwa. Tatizo ni msimu wa karafuu. Mchumaji akishaona vyema, roho humwendea mkarafuuni, na pakacha lililojaa si mzigo wa mwenye jicho bichi. Akirejea, basi na akae jamvini atenganishe karafuu na makonyo (vijiti vyake), kupanda mti awaachie wengine mpaka daktari aridhie.