Sindano za akupancha za chuma tupu, 0.25 × 40 mm: uzoefu wangu

Hizi ni sindano za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini), unene 0.25 mm na urefu 40 mm, za chuma kisichoshika kutu, mpini wa waya wa shaba uliosokotwa, bila utando wa silikoni. Anayetaka sindano ipenye mgonjwa asihisi kitu, achukue za silikoni, zinateleza vizuri. Mimi nataka ishikwe na tishu za mwili, na hapo chuma tupu hakina mpinzani.

Zamani ilidhaniwa kinachoishika ni msuli unaokaza. Mwaka 2001 Helene Langevin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walipima nguvu ya kuchomoa sindano kwa watu 60. Iliyozungushwa upande mmoja ilidai nguvu zaidi kwa asilimia 167 kuliko isiyozungushwa. Iliyozungushwa huku na huku, asilimia 52 tu. Kwenye tishu za panya sababu ilionekana: nyuzi za kolajeni (protini inayounganisha tishu) chini ya ngozi hujizungusha kwenye sindano kama uzi wa kishada kwenye kijiti chake. Kunategemea nyuzi kwanza kushikamana na chuma, kisha msuguano kati yao, ndiyo maana sipendi silikoni kwa kazi hii. Wembamba nao ni muhimu: kitu kinene kupita milimita moja, tishu hukifuata chini ya mzunguko mmoja kisha huachia.

Kwenye Zusanli, nukta ya akupancha iliyo chini ya goti, gonga sindano kupitia mrija wake wa kuielekeza, toa mrija, shusha hadi milimita 25 hivi. Zungusha upande mmoja, nusu mzunguko kwa nusu, ukiivuta kidogo kila mara. Vidole vikihisi uzito na ngozi ikiinuka pamoja na sindano, inatosha. Ukiendelea, hisia ya uzito anayoipata mgonjwa inageuka maumivu makali, na sindano inakwama.

Ikikwama, usiing'oe! Irudishe mizunguko ile ile upande wa pili, papasa ngozi ya pembeni, subiri dakika chache. Ikigoma bado, huenda imepinda mgonjwa alipojisogeza: mrudishe kwanza kwenye mkao wa mwanzo, ndipo uitoe taratibu kwa kufuata mpindo.

Mpini wa shaba unapitisha umeme, kwa hiyo vibanio vya mashine ya kupitisha umeme kwenye sindano vinafanya kazi. Mpini wa plastiki haufai kwa hilo. Kasoro ya mpini wa shaba ni uzito: penye nyama kidogo, kama vidoleni, sindano inalala. Usoni sizitumii kabisa. Huko naweka sindano ya unene wa 0.16 mm yenye silikoni.