Ruzuku ya chuo kwa miradi ya jamii: tumeipitia, nawapa nyota 3 kati ya 5

Mi ni katibu wa kikundi cha mtaa, tulikuwa wabia wa chuo kikuu kimoja kwenye mradi wa maji ya visima. Chuo sikitaji, wahadhiri wenyewe ni watu wazuri tu na sijaja kumchomea mtu. Ila naona watu wanaulizana kila siku kama hizi ruzuku za ushirikiano zina maana au ni za kupigia picha, basi acha niseme nilichokiona.

Kwa asiyejua inavyoenda, chuo kinatenga hela kidogo, kinatangaza, mhadhiri anaomba pamoja na kikundi cha nje, mnapewa mwaka mmoja hivi mfanye kazi. Muombaji mkuu mara nyingi lazima awe mwajiriwa wa chuo, nyie wa mtaani mnaingia kwa barua ya kuunga mkono. Hiyo barua ndo shida ilipoanzia. Sisi tuliletewa imeshaandikwa kabisa, imebaki sahihi na muhuri, dedilaini ni kesho yake saa sita usiku, mwenyekiti akasaini akiwa amesimama mlangoni. Bajeti tulikuja kuiona baadaye, jedwali refu la Excel, wanafunzi wasaidizi, usafiri, maabara, kongamano, halafu mstari wa mwisho kabisa chini kule "ushiriki wa jamii". Ndo sisi hao. Na wazo la kupima visima lilikuwa letu jamani!

Nianze na uzuri maana upo. Maabara. Vipimo vile sisi tusingevilipia hata tungechangishana mwaka mzima. Wanafunzi walikuja na maboksi ya barafu na vichupa vilivyotakaswa, wakawa wanapitisha moto kwenye mdomo wa bomba kabla ya kukinga maji, sisi tunashangaa, kumbe usipofanya hivyo unaweza kupima vijidudu vya bomba ukadhani ni vya kisima. Na sampuli haikai, inatakiwa ifike maabara siku hiyohiyo, ikichelewa sana isizidi saa 24. Vijana wetu wawili walifundishwa mpaka wakawa wanakinga wenyewe bila kusimamiwa. Hapo nyota 5 bila ubishi.

Sasa hela. Ruzuku inakaa kwenye akaunti ya chuo, kikundi mnatumia zenu kwanza halafu mnapeleka risiti ndo mnarudishiwa. Kwa mtu wa mshahara ni usumbufu tu, kwa kikundi cha watu wa kujitolea ni kukopeshana mfukoni. Mweka hazina wetu alilipia nauli na kuchapa hojaji kwa hela yake akasubiri wiki baada ya wiki, na alipoenda kufuatilia mhasibu akamrudishia nusu ya risiti eti hazisomeki. Ni zile karatasi za mashine zinazofutika zenyewe zikikaa kwenye joto, alikuwa ameziweka kwenye bahasha vizuri kabisa, zikawa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Toka siku hiyo risiti tunaipiga picha palepale kaunta. Hela zake nyingine hajarudishiwa mpaka leo, na bado anakuja kwenye vikao, sijui ana moyo gani.

Kamati ya maadili ya utafiti nayo. Siipingi, kama mnaingia nyumba kwa nyumba kuuliza watu nani aliumwa tumbo lazima kuwe na fomu ya ridhaa na mtu wa kuwalinda. Lakini kibali kilichukua miezi, kalenda ya mradi ilishaanza kuhesabu, na sisi tulitaka kupima wakati wa mvua kwa sababu ndo maji ya juu yanaposhuka na uchafu wa vyoo kuingia kisimani. Kibali kinatoka, mvua imeisha. Tukapima kiangazi, swali letu lenyewe likabaki nusu.

Kilichoniuma zaidi ni majibu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba kwenye mililita 100 za maji ya kunywa E. coli, yaani bakteria wanaoonyesha maji yameingiwa na kinyesi, isionekane hata moja. Maabara ilishajua kisima kimoja kina tatizo, sisi tukiuliza tunaambiwa subirini uchambuzi ukamilike, mara makala bado inaandikwa. Watu wanakunywa! Mpaka mwanafunzi mmoja alipotuambia kwa sauti ya chini tuanze kuchemsha. Yaani kwenye makubaliano hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema data ni ya nani na majibu ya hatari yanatolewa lini.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Sherry Arnstein, mwaka 1969 alichora ngazi ya vipandio 8 vya ushiriki wa wananchi, chini kabisa ni kuchezewa akili, juu kabisa wananchi wanashika usukani. Mhadhiri wetu ndo alituonyesha kwenye semina, tena kwa furaha, akatuuliza mnadhani mradi wetu uko kipandio cha ngapi. Kimya. Mwenyekiti akasema cha nne, kile cha kuombwa maoni, halafu akaongeza "siku za vikao". Mhadhiri alicheka lakini niliona amelipokea.

Kwa hiyo je, ningewaambia muombe? Ndio, ila muulize kabla ya sahihi nani anashika hela, zinakuja kwa awamu au kwa risiti, majibu mnapata lini, na jina la kikundi linakaa wapi kwenye makala. Mkijibiwa "tutaona mbele ya safari", msisaini.

Sasa hivi limetoka tangazo la awamu ya pili na mhadhiri ametupigia mwenyewe. Safari hii andiko tumekaa nalo jioni mbili, tumeweka majibu ya hatari kutolewa ndani ya siku 2 na nusu ya hela yetu itangulie kwenye akaunti ya kikundi. La majibu amekubali hapohapo. La hela amesema anapeleka idara ya fedha, na idara ya fedha imetuomba tupeleke upya zile risiti za mwaka jana.