ImgBurn: programu ya bure inayomfaa anayeanza kuchoma diski nyumbani

Toleo la mwisho la ImgBurn, yaani 2.5.8.0, lilitoka mwezi Juni 2013. Pamoja na umri huo, programu hii bado inafanya kazi vizuri kwenye Windows 10 na 11, haidai malipo yoyote, na kwa maoni yangu hakuna inayomfaa zaidi mtu anayechoma CD au DVD kwa mara ya kwanza. Humwonyesha mtumiaji kila hatua kwa jina lake, ikamlazimu aamue mwanzoni kabisa ni diski ya aina gani anayotaka.

Uamuzi huo ndio unaowakwamisha wengi. Mtu huchukua nyimbo za MP3 za kwaya, akazichoma kama zilivyo, kisha akashangaa redio ya zamani ikiikataa CD yake. Alichotengeneza ni diski ya data, ambayo husomwa na kompyuta na vichezeshi vinavyoielewa MP3. CD ya muziki ya kawaida huhifadhi sauti kwa mtindo wake, na hata iwe na nafasi ya MB 700, haibebi zaidi ya dakika 80, ilhali diski hiyohiyo ikijazwa MP3 za ubora wa kbps 128 hubeba takriban saa 12. Katika ImgBurn, CD ya muziki hutengenezwa kwa kuandaa kwanza faili la CUE (orodha inayoiambia programu nyimbo zipi zichomwe na kwa mpangilio gani) kupitia menyu ya Tools, kisha kulichoma kwa kitufe cha Write. Njia hii ina mzunguko kidogo, na hapa ndipo ninapoona programu ingeweza kumhurumia zaidi anayeanza.

Kwa video, tahadhari ni kubwa zaidi. Faili la MP4 la harusi likiburutwa moja kwa moja hadi kwenye diski halitaonekana kwenye deki ya DVD ya kawaida, ambayo hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB. ImgBurn haigeuzi video. Kazi hiyo hufanywa kwanza na programu nyingine, kwa mfano DVDStyler, ambayo nayo ni ya bure. Ukiwa na folda hiyo tayari, ImgBurn huitambua na kupendekeza yenyewe mpangilio unaotakiwa.

Kabla ya kuchoma, bonyeza alama ya kikokotoo ili uone kama mafaili yatatosha. DVD iliyoandikwa GB 4.7 huhesabiwa na Windows kuwa na takriban GB 4.38, na anayepanga mafaili yake kwa kufuata maandishi ya kwenye kasha hujikuta amezidisha.

Kunakili diski hakuhitaji viendeshi viwili vya diski. Unaisoma ya asili na kuihifadhi kwenye kompyuta kama faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima, au BIN pamoja na CUE ikiwa ni CD ya muziki, kisha unaweka diski tupu na kulichoma faili hilo. Filamu za dukani zenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa haitazisoma, na ni sawa isifanye hivyo. Kwa diski zako mwenyewe, kama video za familia au mafunzo uliyoyarekodi, inatosha kabisa.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni Verify. Kisanduku hicho kikiwa na tiki, programu huisoma diski upya baada ya kuichoma na kuilinganisha na mafaili ya asili. Kazi huchukua muda zaidi, lakini ni heri kugundua kasoro saa hiyo kuliko baada ya kufuta picha kwenye simu. Kwa DVD ya kasi ya 16x mimi hupendelea kuchagua 8x, ambayo humaliza diski iliyojaa kwa takriban dakika 8. Wenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) wakumbuke kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, DVD-R hiyo huwa imeharibika na haichomeki tena. Kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha ni salama zaidi. Upande wa kulia wa dirisha utaona pia msimbo wa mtengenezaji halisi wa diski, habari yenye manufaa makubwa, kwani jina lililochapwa juu ya kasha si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza.

Dosari iliyo nzito iko kwenye usakinishaji. Kisakinishi cha toleo hili kilifungashwa pamoja na programu ya matangazo iitwayo OpenCandy, na programu za kukinga virusi hukilalamikia mara kwa mara. Soma kila ukurasa, ondoa tiki kwenye chochote usichokiomba, na ikiwezekana zima intaneti wakati wa kusakinisha.

Ambaye haja yake ni kuchoma faili moja tu la ISO hana sababu ya kujisumbua na haya yote: tangu Windows 7, ukibofya faili hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya utapata chaguo la kulichoma, na hapo pia kuna kisanduku cha kuhakiki diski baada ya kazi. Watumiaji wa Linux wanayo programu ya K3b kwa kazi hizi.