TAHADHARI: Leseni ni halali, lakini aliyeileta siye mwenye leseni

Ndugu wenye nyumba na wote mnaoendelea kujenga, hasa pembezoni mwa Dar es Salaam katika maeneo ya Chanika, Msongola, Kivule na Buyuni, ninawatahadharisha juu ya mtu anayejitambulisha kuwa fundi umeme na mkandarasi mwenye leseni, ambaye amechukua zaidi ya shilingi milioni tatu zangu na kuniachia nyumba isiyofaa kuwashwa hata taa moja. Jina lake silitaji kwa sababu alilonipa si lake, na lile lililoandikwa kwenye leseni aliyonionyesha ni la mtu mwingine asiye na hatia. Nitakachoeleza ni namna alivyofanya kazi yake, kwa kuwa sura na namba ya simu hubadilika, lakini mbinu ni ile ile.

Watu wa aina hii mtaani tunawaita vishoka, na wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kishoka ni kijana mwenye testa mfukoni anayekuambia kuwa anafahamiana na watu wa TANESCO. Huyu hakuwa hivyo. Alikuja na daftari, akapima vyumba, akachora mahali pa taa na soketi, akaniuliza kama nitatumia jiko la umeme na hita ya bafuni, na kabla sijamwuliza akanitumia picha ya leseni iliyotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 kazi ya kuweka mfumo wa umeme ndani ya nyumba haifanywi na yeyote tu, na kwamba cheti cha VETA, hata kiwe kizuri namna gani, kinathibitisha kuwa mtu amesomea ufundi huo, wala hakichukui nafasi ya leseni. Nilihakiki jina na namba iliyokuwa kwenye picha, nikaambiwa kuwa leseni hiyo ipo, ni hai, na daraja lake linaruhusu kazi ya nyumba ya kuishi. Nikaona nimemaliza uchunguzi. Kumbe nilichokihakiki kilikuwa ni karatasi, na mtu aliyesimama mbele yangu sikumhakiki kabisa.

Dalili ya kwanza ilinijia mkononi, nami nikaipuuza. Siku ya kumtumia fedha za vifaa, simu iliniletea jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri, na jina hilo halikufanana na la kwenye leseni hata kwa herufi ya kwanza. Nilipompigia aliniambia kuwa laini hiyo ni ya mkewe, kwa sababu yake imefikia kikomo cha miamala ya siku. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, sauti yake haikutetereka, na mimi, niseme ukweli, niliona aibu kumtilia shaka mtu ambaye tayari alikuwa ameshakula ugali nyumbani kwangu. Nikatuma shilingi 1,900,000 za vifaa, na baadaye 350,000 ikiwa ni nusu ya fedha za ufundi.

Kuhusu vifaa, alisisitiza kwamba atavinunua mwenyewe Kariakoo, kwa maelezo kuwa mwenye nyumba akienda dukani hupandishiwa bei. Jambo hilo hutokea, sikatai, na ndiyo maana hoja yake inakubalika kwa urahisi. Vifaa vilifika bila risiti ya EFD, nyaya zikiwa zimefungwa vizuri, zimechapwa jina la kiwanda pamoja na alama ya ubora, na kwa macho zilikuwa za shaba. Miezi miwili baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, nilichukua roli moja la waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5) lenye urefu wa mita 100 lililobaki bila kufunguliwa, nikalipeleka kwa muuza duka jirani akaliweka kwenye mizani ya sukari. Lilikuwa kilo moja na robo tatu, pamoja na plastiki yake. Waya wa unene huo na urefu huo, ukiwa wa shaba kweli, shaba peke yake hupita kilo mbili kabla ya kuongeza plastiki. Nilipoukwangua kwa wembe, rangi ya shaba ilitoka na ndani ukabaki weupe wa alumini. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa aina hiyo uliopimwa kwa unene wa shaba hupata joto kuliko inavyotarajiwa, na maungio yake hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Moto wa namna hiyo huanzia ndani ya boksi la soketi au juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Baada ya kuchimbia mabomba ukutani na kupitisha nyaya, alisema sasa anashughulikia maombi ya kuunganishiwa umeme. Siku moja walikuja vijana wawili waliovaa vizibao vinavyong'aa, wakapima kwa futi kamba kutoka kwenye nguzo hadi ukutani, wakaandika, wakaondoka. Jioni yake fundi akaniambia kuwa upimaji umekamilika, na kwamba zinahitajika shilingi 850,000 taslimu ili nyumba yangu iingie kwenye orodha ya wiki hiyo, pamoja na nguzo. Hapa ndipo ninapowaomba msome kwa makini. Maombi ya TANESCO hufanywa kwa mfumo wa NIKONEKT au ofisini kwao, na malipo yake hufanyika kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number) inayotolewa kwa jina la mwombaji. Hayapiti mkononi mwa fundi, hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na hayana bei ya kuharakishiwa. Kwa nyumba ya mjini yenye umeme wa njia moja (single phase) iliyo ndani ya mita 30 na isiyohitaji nguzo, gharama iliyorejeshwa Januari 2022 ilikuwa shilingi 320,960. Nguzo yangu ya karibu iko umbali wa hatua 20 kutoka ukutani. Nililipa 850,000.

Simu yake ilizimwa siku ya nne. Nilikwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya, wakatafuta kwa jina langu na kwa namba yangu ya kitambulisho cha taifa, wakaniambia kwa upole kwamba hakuna ombi lolote lililowahi kuingizwa, na kwamba hao vijana wawili hawawafahamu.

Mkandarasi niliyemtafuta baadaye, safari hii kwa kwenda kuona nyumba mbili alizozifanyia kazi na kuzungumza na wenyewe, alitumia saa tatu kukagua kabla ya kutaja bei yoyote. Alichokikuta kilimfanya anyamaze kwa muda. Swichi za taa zilikuwa zinakata waya wa nyutro badala ya waya wa moto, maana yake ni kwamba umeme ungekuwepo kwenye holda hata taa ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu akiwa amesimama juu ya kiti angeguswa. Waya wa hita ya bafuni ulikuwa wa 1.5, ilhali hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24, mzigo ambao waya huo haustahili kubebeshwa hata ungekuwa wa shaba safi. Kifaa cha kukata umeme pale unapovuja, kile cha miliampea 30 ambacho ndicho hasa kinachookoa uhai bafuni, kilikuwemo kwenye orodha niliyolipia na hakikuwemo kwenye boksi. Alipochimba mahali pa fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, alitoa kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mkono, kilichopakwa rangi ya shaba. Hatimaye alipima nyaya kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega, kinachosukuma volti 500 kuangalia kama ganda la waya linavujisha, na mistari miwili kati ya sita ilishindwa. Nyaya zote zimeng'olewa. Kilichosalia ni mabomba na maboksi.

Mwenye leseni nilimpata kwa msaada wa mkandarasi huyu. Ni mtu mzima, anafanya kazi mkoa mwingine, na alisikitika kuliko mimi. Anaamini kwamba picha ya leseni yake ilitoka kwa mteja wa zamani aliyeiomba kwa nia njema, kisha ikazunguka. Ameripoti. Lakini aliniambia jambo jingine ambalo nadhani linapaswa kusemwa hadharani: wapo wakandarasi wenye leseni halali wanaokodisha mhuri, yaani hugonga fomu ya nyumba ambayo hawajawahi kuiona, kwa malipo madogo, na kazi hufanywa na yeyote. Kwa maoni yangu huyo ni hatari kuliko kishoka, kwa kuwa kishoka anadanganya tu, lakini yeye anathibitisha kwa mhuri kwamba uongo ule ni kweli.

Kwa hiyo, ukiletewa leseni, usiishie kuihakiki. Omba kitambulisho cha taifa cha huyo huyo aliyesimama mbele yako na ulinganishe majina, kisha angalia kama jina linalotokea kwenye simu unapolipa ni hilo hilo au ni la kampuni iliyotajwa kwenye mkataba. Mkandarasi anayetuma mafundi wake si kosa, lakini yeye mwenyewe aonekane kwenye nyumba kabla ya plasta na kabla ya kugonga mhuri. Vifaa nenda mkanunue pamoja, risiti iandikwe jina lako, na wembe uwe mfukoni. Malipo ya ufundi yagawanywe kwa hatua, na sehemu ya mwisho isitoke kabla ya vipimo kufanywa ukiwa unaangalia. Mwenyekiti wa mtaa naye ajulishwe mapema. Wa kwangu alinilaumu, kwa haki, kwamba hakuwahi hata kumsikia fundi huyo hadi siku niliyokwenda kumwomba barua ya kupeleka polisi. Kwa jambo lolote linalohusu mtu anayejiita wa TANESCO, piga simu yao ya bure, 180, kabla hajapanda ngazi.

Mimi nina RB, yaani namba ya taarifa niliyofungua polisi, na faili liko kwa mpelelezi. Fedha sitarajii kuziona. Kilichonifanya niandike leo badala ya kusubiri ni kwamba Jumapili iliyopita mama mmoja wa Msongola, anayesali nami, alinionyesha kwenye simu yake leseni aliyotumiwa na fundi anayetaka kuanza kazi kwake Jumatatu. Namba ya simu ni mpya na jina alilojiita ni jipya. Picha ni ile ile, na ina alama ya kidole gumba pembeni upande wa kushoto, kama iliyonijia mimi.