Printa ya tangi ya wino: yaprinti vizuri, lakini kufuli si langu

Nina saiba ndogo Mwembe Tayari, kompyuta nne na feni yenye kelele, na riziki yangu nyingi yatoka kwa hii printa nlonunua 2022. Jina la kampuni silitaji.

Nianze na uzuri wake nisionekane nna chuki. Wino wa chupa wamimina mwenyewe, chupa moja nyeusi naprinti nayo maelfu ya kurasa, si kama ile ya katriji nlokuwa nayo zamani ikinimaliza pesa. Karatasi haikwami ovyo. Hapo sina neno.

Sasa tarehe 28 Juni mwaka jana, siku mbili kabla ritani za kodi za KRA kufungwa, foleni mpaka mlangoni, kuna mzee ashakaa kwa stuli tangu asubuhi, printa ikagoma. Taa mbili zapepesa kwa zamu na kwa skrini yaandika ati sponji za wino zimefikia mwisho wake, nenda kwa wakala. Nkazima nkawasha, nkang'oa waya, nkasoma bismillahi, wapi! Nkapiga simu senta yao wakanambia niilete, elfu sita na mia tano, na itakaa wiki. Wiki jamani!

Basi nkaipakia tuktuk hadi kwa fundi mmoja kijana vichochoroni nyuma ya Digo Road. Akaiangalia akacheka, "Mama, hii haijaharibika, imejifunga tu." Akafungua skurubu moja nyuma akavuta kisanduku, ndani sponji, upande mmoja nyeusi tititi, upande wa pili nyeupe, akaibonyeza kwa kidole, kidole kikatoka kikavu. Hapo ndo nlipokasirika kweli. Kumbe hakuna kinachopima wino mle ndani, ni hesabu tu, kila printa ikisafisha hedi, kile kichwa kinachotema wino, wino kidogo wamwagwa kwa sponji na programu yaongeza namba, namba ikijaa yafunga duka. Na hedi husafishwa hata ukiwasha tu. Sasa na stima yetu hii, yakatika yarudi, yakatika yarudi, mie nadhani naprinti kumbe nahesabiwa.

Akaosha sponji kwa maji ya mfereji akaianika juu ya bati, jua la Mombasa halina mchezo, nkaenda zangu kuswali adhuhuri, narudi baada ya alasiri imekauka. Akaunga kebo kwa laptopu yake, akanunua ufunguo wa namba mtandaoni, akaubandika, kaunta, ile namba ya hesabu, ikarudi sifuri. Dakika mbili! Elfu mbili yote kwa yote, na ufunguo wenyewe ni wa mara moja, siku ikijifunga tena wanunua mwingine.

Hesabu yenyewe siikatai, sponji ikijaa kweli wino utamwagika mezani kwa karatasi za watu. Inionye basi! Nipe kitufe niseme nshaosha, endelea. Risiti nnayo mie.

Mpwa wangu asomea sheria, aliponskia nalalamika akanambia 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lexmark na Impression Products, kwamba kampuni ikishauza katriji haki yake ya hataza, yani patent, juu ya katriji ile imekwisha, mwenye nayo aijaze akitaka. Lakini hukumu haikung'oa chipu, kile kidude cha katriji kinachoikataa ikijazwa tena, kufuli zabaki pale pale. Na wakulima wa huko wenye trekta za John Deere nao walia hivi hivi, trekta lalala shambani na programu kamili ya kulitengeneza wanayo madila, mawakala wa kampuni, tu, hadi Januari 2025 tume ya biashara ya serikali yao ikaipeleka kampuni kortini. Nkamwambia afadhali mie, trekta halipandi tuktuk.

Nyota tatu. Ukitaka kununua muulize muuzaji kwanza kama hicho kisanduku cha sponji wakibadilisha mwenyewe, na uulize pia kama kina chipu, maana ziko zenye chipu, waweza kuosha sponji mpaka ing'ae na printa bado yasema imejaa.

Yule mzee nlimprintia tarehe 29 asubuhi, sikumtoza. Juzi fundi kanisomea kaunta, iko asilimia 38. Nimenunua UPS, ile betri ya kushikilia stima ikikatika.