Uzoefu wangu na Tavily: kumfungia ajenti ndani ya tovuti tatu

Nimejitolea kutengeneza ajenti wa akili unde kwa ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Mwanza. Kazi yake ni kuwatafutia wasaidizi wa kisheria kifungu au hukumu wakati mteja bado amekaa kwenye benchi anasubiri. Kwa kutafuta mtandaoni anatumia Tavily, huduma ya utafutaji iliyotengenezwa kwa ajili ya maajenti kama huyu, na baada ya miezi kadhaa nina ya kusema kwa wenzangu wanaofanya kazi kama hii.

Nianze na kilichoninyima usingizi. Zana ya kwanza ya kutafutia niliyompa ajenti, ya kampuni nyingine, nilikuwa nimeiacha itafute mtandao mzima. Akaja mlinzi aliyeachishwa kazi, siku 26 zimepita tangu apewe barua. Ajenti akaulizwa huyu ana muda gani wa kupeleka malalamiko, akajibu kwa lugha safi kabisa kwamba ana miaka 3. Dada anayepokea wateja akanipigia simu papo hapo. "Kaka, hii miaka mitatu imetoka wapi? Huyu baba amebakiwa na siku nne!"

Ilitoka Kenya. Sheria ya Ajira ya kule, ya mwaka 2007, inatoa miaka 3. Huku Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Kurasa zote mbili ni za kweli na zinatumia maneno yale yale: mwajiri, mwajiriwa, notisi, fidia. Ajenti hakuwa na namna ya kujua kwamba ameshavuka mpaka wa Sirari. Mlinzi alijaza fomu namba 1 ya CMA siku hiyo hiyo, kwa sababu yule dada anaijua kazi yake.

Hapo ndipo nikahamia Tavily, na kilichonivuta ni sehemu moja tu ya ombi ambalo programu inaitumia Tavily, iitwayo include_domains. Unaiwekea orodha ya tovuti, nayo inaleta matokeo ya humo peke yake. Mimi niliweka tatu: tanzlii.org, ambako kuna hukumu na sheria, kisha judiciary.go.tz ya Mahakama na cma.go.tz ya Tume. Majibu ya Kenya yalikoma siku hiyo. Kwa kawaida huleta matokeo 5 na unaweza kupandisha hadi 20. Nimeacha 5, yanatosha. Bei haijatuumiza, maana bure unapata krediti 1,000 kwa mwezi, utafutaji wa kawaida unakula 1 na ule wa kina unakula 2.

Sasa lile nililochelewa kulijua. Kila zana unayompa ajenti inabeba maelezo mafupi, na hayo ndiyo anayoyasoma kabla ya kuamua aitumie vipi. Mimi niliandika maneno mawili: "Hutafuta mtandaoni." Ikawa nimemdanganya. Ajenti aliamini anaona dunia nzima, kumbe anaona tovuti tatu. Orodha ilipokuja tupu, akamwambia msaidizi kwamba Tanzania haina sheria juu ya jambo hilo. Siku nyingine akaona hakuna kitu, akajibu kutoka kichwani mwake, na kichwani mwake Kenya ipo. Kumbe uzio peke yake haukutosha. Aliye ndani yake naye alipaswa kuambiwa upo.

Nikayaandika upya maelezo, kwa Kiswahili, na mpaka leo yako hivi:

"Zana hii hutafuta sheria na hukumu za Tanzania Bara katika tovuti tatu tu: tanzlii.org, judiciary.go.tz na cma.go.tz. Haioni kurasa nyingine yoyote. Isipoleta kitu, maana yake haikupata humo, si kwamba sheria haipo. Jaribu tena kwa maneno mengine, na mara moja kwa Kiingereza. Ukikosa bado, mwambie msaidizi kuwa hujapata. Usijazie kwa kumbukumbu yako."

Sentensi ya Kiingereza ina sababu. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, lakini hukumu nyingi za nyuma ziliandikwa kwa Kiingereza. Ukitafuta "kuachishwa kazi" peke yake unakosa rundo la hukumu ambazo zingekusaidia.

Jingine, orodha ya tovuti nimeiweka ndani ya programu yangu, ajenti haigusi. Mwanzoni nilimwachia aijaze mwenyewe kila anapotafuta, na akikosa alikuwa anaongeza tovuti za habari na za mawakili binafsi. Ukimpa funguo za geti, atalifungua.

Tangu hapo "sijapata" imekuwa jibu la kawaida pale ofisini, na wasaidizi wanaliamini. Wakiambiwa hivyo wanachukua simu wanamuuliza wakili. Wakipewa jibu, linakuja na kiungo cha ukurasa, na wanaufungua kwanza kabla ya kumwambia mteja lolote. Kwa kazi yetu naipa Tavily alama nzuri bila kusita.

Wiki iliyopita alikuja kijana aliyekuwa akifanya kazi hotelini Nungwi. Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo zile tovuti tatu hazikumfaa. Sikuongeza ya nne kwenye orodha, kwa kuogopa majibu yasije yakachanganyika tena. Nimetengeneza zana ya pili, uzio wake zanzibarlii.org, na mstari wa kwanza wa maelezo yake unasema: "Kabla ya kutumia zana hii au ile ya Bara, muulize msaidizi mteja alikuwa anafanyia kazi wapi."