Mkanda wa mkono wa kamera: ulinipumzisha vidole, ukanikosesha picha

Mkanda wenyewe nina mengi ya kuusema, lakini acheni nianze na kijana wa dukani, maana yeye ndiye aliyeninyima usingizi. Nilimpelekea mkanda na skrubu yake nimevifunga kwenye karatasi, nikamweleza taratibu yaliyonipata. Hata hakuufungua ule mfuko wa karatasi. Aliichukua kamera yangu, akaipimapima kiganjani kama apimaye embe, akasema: "Mama, kamera kama hii na lenzi kama hii si za mikono ya kike. Tafuta ndogo." Mbele ya wateja. Mimi napiga picha za harusi hapa Mombasa tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea, na leo huyo mtoto amemaliza sekondari.

Kwa asiyejua kazi yetu: usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Mwanamume hapiti mlangoni, awe mpiga picha awe nani. Simu za wageni nazo mara nyingi huzuiwa, kwa sababu watu wamevua mabuibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka picha yake izagae mjini kesho yake. Kwa hivyo kamera ya ukumbi mzima huwa moja, na iko mkononi mwa mwanamke. Yule kijana alidhani nani huzibeba hizo kamera kubwa?

Yangu ni Canon 5D, imeshakula chumvi, na lenzi ya 70-200, ile nyeupe ndefu ya kuvuta vya mbali. Ukiweka na flashi juu yake unapita kilo mbili na nusu. Sitaeleza zaidi, aliye na kamera anazijua. Ninachotaka mjue ni usiku wenyewe ulivyo. Unaingia ukumbini saa tatu, bibi harusi anaweza kutolewa saa sita, na muda wote huo umesimama. Joto. Udi unafuka. Kila shangazi anakushika mkono akusalimie, na kila mkono umepakwa mafuta mazuri, basi ukiirudia kamera yako inateleza kama samaki. Unaibana kwa nguvu ili isikuponyoke. Ikifika saa tano dole gumba limekufa ganzi, na vidole viwili vya mwisho huvisikii.

Mkanda wa shingoni niliuacha kitambo. Unavuta shingo, unanasa kwenye mtandio, na ukiinama kumpiga mtoto picha lenzi inakwenda kumgonga kichwani. Ndipo shoga yangu mmoja, mpiga picha mwenzangu, akaniambia nijaribu mkanda wa mkono. Nikaununua kabla ya msimu wa harusi, zile wiki za kabla ya Ramadhani ambazo kila mtu anataka kuoza.

Na niseme haki: wiki za mwanzo nilifurahi mno. Mkanda unapita juu ya mgongo wa kiganja, umeshikwa juu kwenye kile kipete cha pembeni mwa kamera, na chini kwenye kibati kinachofungwa kwa skrubu kwenye tundu la stendi. Mkono unaingia humo katikati. Ukiulegeza mkono ukiwa umeushusha, kamera haiendi popote, inabaki imelala kiganjani. Huo ndio uzuri wake wote, na si jambo dogo. Uzito unahama kutoka kwenye ncha za vidole unakwenda kwenye mgongo wa mkono, vidole vinapumzika baina ya picha na picha. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani saa nane za usiku nikaweza kufungua kifungo cha buibui langu mwenyewe bila kumwamsha binti yangu anisaidie. Nililia kidogo, wallahi.

Kuna mtu atauliza kama unafanya picha zitulie zaidi. Haufanyi. Lenzi nzito hubebwa na mkono wa kushoto, chini ya lenzi, kiwiko umekibana mbavuni. Mkanda ni wa ule muda ambao hupigi. Na muda ambao hupigi ndio mrefu.

Kasoro niliziona mapema nikazifumbia macho. Mkono wangu ni mdogo, na hata nilipoukaza mkanda mpaka tundu la mwisho bado ulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Kibati cha chini kilikula ukingo wa mlango wa betri, ikawa kila betri ikiisha nalegeza skrubu, nakizungusha kibati, natoa betri, natia nyingine, nakaza tena. Na skrubu ile ni ya kukazwa kwa sarafu. Fikirini: ukumbi una giza, ngoma inalia, bibi harusi yuko mlangoni, nami natafuta shilingi kumi kwenye pochi.

Basi usiku ule. Harusi ya watu wazuri, watu walionilipa kabla sijaomba. Bibi harusi ameshakaa jukwaani, ameng'aa na hina yake mpaka kwenye viwiko. Nyanya yake alikuwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu, hajasimama kwa miezi, nilivyoambiwa. Mara nikaona wanawake wananyamaza upande ule. Yule bibi ameshika mkono wa kiti, anainuka. Anainuka peke yake, ana koja la asumini mkononi, anataka kumvika mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Nikainua kamera. Nikasikia mkanda umekuwa mwepesi.

Skrubu ilikuwa imejifungua yote. Kibati kikachomoka, mkono ukatoka kwenye mkanda, kamera ikaning'inia kwa kile kipete cha juu peke yake na mimi nimeushika mkanda kwa vidole viwili. Ikapiga bembea moja ikagonga ukingo wa jukwaa. Kofia ya lenzi ilipasuka. Lenzi haikuumia, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini nilipoiinua tena, koja limeshavaliwa, bibi ameshakalishwa, watu wanapiga vigelegele na kufuta machozi. Ninayo picha ya vigelegele. Ya koja haipo.

Kwa nini ilifunguka? Nimeikalia sana hii. Kibati kimeshikwa kwa skrubu moja tu, na uso wake ni laini mtupu, hakina ukingo wa kuikumbatia kamera kisizunguke. Lenzi ndefu ni nzito mbele. Kila unaposhusha mkono, lenzi inaelekea chini na kamera inajipinda dhidi ya mkanda, na huo mpindo unakwenda kwenye skrubu. Mara mia kwa usiku, mbele nyuma, mbele nyuma. Na mimi mwenyewe nimeshailegeza na kuikaza mara mbili tatu usiku huo kwa ajili ya betri. Skrubu yoyote ingechoka. Hili ndilo nililokwenda kumweleza yule kijana, si kumdai pesa. Nilitaka awaambie wanaokuja nyuma yangu kwamba wenye lenzi ndefu waangalie kibati. Yeye akaona mikono yangu.

Nilikuwa nimeanza kuandika haya ili niseme msinunue. Aya ya mwisho ilikuwa tayari kichwani: upotevu wa pesa, rudini kwenye mkanda wa shingoni. Lakini baada ya siku ile nilikaa harusi tatu bila mkanda wa mkono, na harusi ya tatu kidole cha mwisho kilikaa siku mbili bila hisia. Siwezi kuwadanganya. Mkono unaukumbuka ule mkanda.

Nikaupeleka kwa fundi viatu kule Bondeni, mzee mmoja asiyejua kamera hata chembe. Aliugeuza, akauliza kinafungwaje, akauliza kinavutwa upande gani, akauliza mkono ni wa nani. Maswali matatu ambayo duka halikuniuliza hata moja. Akakata ngozi, akautoboa tundu mbili zaidi kwa kipimo cha mkono wangu, nikiwa nimeuingiza humohumo. Akakata kiduara chembamba cha mpira cha kukaa kati ya kibati na kamera ili kikamate kisiteleze. Akaupunguza ukingo wa kibati kwa tupa upande wa betri, kidogo kidogo, akinipa nijaribu mlango kila baada ya mikwaruzo michache. Na kwa kuwa nilimweleza habari ya bembea, akanishonea kitanzi cha uzi wa viatu kutoka kwenye kipete cha juu hadi kifundo cha mkono. Skrubu ikifunguka leo, kamera itabaki na mimi.

Tangu hapo haijafunguka. Naikagua kwa dole gumba kila bibi harusi anapobadilisha nguo, imekuwa kama kuhesabu tasbihi. Mafuta ya mikono ya watu na jasho vimeanza kuikausha ngozi, naipaka mafuta ya nazi kidogo, ingawa sijui kama yatakuja kuuozesha uzi.

Kwa hivyo mkanda wa mkono kama kitu: nunueni, hasa mwenye mkono mdogo na kamera nzito, na yeyote atakayewaambia hamziwezi mwondokeeni. Mkanda nilionunua mimi, kwa namna ulivyotoka dukani: la. Angalieni kibati kina ukingo, jaribuni mlango wa betri mkiwa hapohapo kaunta, ingizeni mkono wenu na kamera yenu, si ya maonyesho. Nilitaka kuupa nyota tatu. Naupa mbili. Fundi angepata tano zote kama kungekuwa na mahali pa kumpa.

Mama wa bibi harusi alinipigia wiki mbili tatu baadaye. Alikwisha kuiona albamu yote, akanishukuru, akaniombea dua. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile ya mama na koja umeiweka wapi?"